Kiraka kilikuwepo, ruhusa ndiyo haikuwepo

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji wenu mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba ofisi zetu zinadukuliwa kwa sababu zinapenda vya bure. Kwa maelezo yake, programu zisizolipiwa hazina mwenyewe, zikitoboka hakuna wa kuziziba, na dawa ni kununua mfumo wa kampuni kubwa. Naomba nafasi nimjibu. Tundu la namna hiyo lilinikuta mimi mwenyewe nikiwa kazini, najua kiraka chake, yaani marekebisho ya programu yanayoliziba, kilitoka saa ngapi, na najua kilifika lini kwenye seva niliyokabidhiwa. Kati ya nyakati hizo mbili ndipo tulipoumia.

Mimi ni ofisa TEHAMA katika chuo kimoja mkoani Tanga. Sitakitaja jina, maana wengi waliohusika bado wapo kazini na hakuna aliyefanya kwa nia mbaya. Seva yetu ya barua pepe inakaa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya karatasi za mitihani, chenye dirisha moja lililozibwa kwa mbao na kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo. Mwaka 2019 ilikuwa inaendeshwa na Debian 9, mfumo endeshi wa bure, na kazi ya kupokea na kupeleka barua ilifanywa na programu iitwayo Exim.

Exim ina mwenyewe. Philip Hazel alianza kuiandika mwaka 1995 akiwa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kwa ajili ya barua za chuo hicho. Baada yake wakaipokea wengine, wachache, wengi wao wakiifanya kazi hii kwa kujitolea. Ilipofika mwaka ninaousimulia, zaidi ya nusu ya seva za barua zilizokuwa zinaonekana wazi kwenye intaneti duniani zilikuwa zinatumia Exim. Ndugu msomaji, huenda barua yako ya mwisho kutoka shule ya mwanao ilipita humo bila wewe kujua.

Nieleze tundu lenyewe, kwani asiyelielewa hataona kwa nini siku nane ni nyingi. Exim ina kijilugha chake cha ndani. Msimamizi anapoandika mipangilio huweka alama ya dola na mabano yale yenye ncha katikati, kisha programu inafumbua kilichomo: jina la mtumiaji, tarehe, ukubwa wa barua na kadhalika. Ndani ya kijilugha hicho limo neno "run", ambalo kazi yake ni kuiamuru kompyuta iendeshe programu nyingine. Ni zana ya msimamizi, na ikikaa mikononi mwake haina ubaya. Lakini kuanzia toleo la 4.87, la Aprili 2016, kipande kimoja cha msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, kinachoshughulikia barua iliyoshindikana kikawa kinaichukua anwani ya mpokeaji, kama ilivyoandikwa na mtu wa nje, na kuifumbua kwa njia ileile inayofumbua maneno ya msimamizi.

Chukulia tarishi aliyezoea kutekeleza kila agizo la bosi wake lililoandikwa kwa wino mwekundu. Siku moja mtu baki anaandika kwa wino mwekundu juu ya bahasha, pale panapokaa jina la mpokeaji: "Fungua sefu." Tarishi anaiweka bahasha mezani, anakwenda kufungua sefu. Na huyu tarishi ana funguo zote za jengo, kwa sababu kipande hicho cha Exim hufanya kazi kwa mamlaka ya root, yule mtumiaji ambaye kompyuta haimkatalii chochote.

Wataalamu wa Qualys, kampuni ya usalama wa kompyuta, ndio waliolibaini, wakatoa taarifa kwa watunzaji wa Exim tarehe 27 Mei 2019. Likapewa namba yake katika orodha ya kimataifa ya matundu, CVE-2019-10149. Waligundua pia jambo ambalo mpaka leo linaniuma: toleo la 4.92, lililotoka Februari mwaka uleule, halikuwa na tundu hilo. Kuna mtu alikuwa amekirekebisha kile kipande cha msimbo kwa sababu nyingine kabisa, bila kujua kwamba alikuwa anafunga mlango. Kwa kuwa hakuna aliyesema "hili ni la usalama", mifumo mingi, Debian 9 ikiwamo, ilibaki na matoleo ya zamani. Dawa ilikaa kwenye kabati miezi minne bila lebo.

Qualys waliliita tundu hilo "Kurudi kwa Mchawi", kwa Kiingereza "The Return of the WIZard", wakikumbusha matundu mawili ya zamani ya Sendmail, programu nyingine ya barua, yaliyoitwa WIZ na DEBUG. Hilo la DEBUG ndilo lililotumiwa na mdudu wa Morris, programu iliyojisambaza yenyewe kwenye intaneti, tarehe 2 Novemba 1988, naye alipita mlango huohuo: badala ya kuandika mtu kama mpokeaji, unaandika amri. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 30 na kosa lilikuwa lilelile la kuiamini bahasha.

Sasa nije kwetu. Watunzaji wa Exim walitangaza mapema kwamba kiraka kinakuja, na wakakitoa hadharani Jumatano tarehe 5 Juni 2019, saa kumi na mbili na robo jioni kwa saa zetu. Debian nao wakatoa chao siku hiyohiyo. Ilikuwa Idd el Fitri. Nilikuwa Pangani kwa wakwe zangu, na habari niliipata kesho yake, Idd pili, nimekaa barazani na simu inashika mtandao kwa kubahatisha. Niliisoma mara mbili, kisha nikampigia mkuu wangu wa utawala.

"Shikamoo mama, Idd Mubarak."

"Marahaba baba. Kuna nini sikukuu yote hii?"

Nikamweleza. Nikamwambia kazi yenyewe ni ya dakika tano, naweza kuifanya nikiwa hapohapo. Akanyamaza kidogo, akasema: "Hapana. Unajua kilichotokea mwaka jana. Andika dokezo, liende kamati."

Kumtendea haki, kilichotokea mwaka uliotangulia kilikuwa kweli. Tulisasisha seva katikati ya wiki ya usajili, barua zikasimama siku mbili, wanafunzi wakakosa namba za malipo, na lawama zote zikamwangukia yeye. Baada ya hapo kamati iliamua kwamba hakuna kitakachoguswa kwenye seva bila dokezo kupitishwa. Hata ile huduma ya Debian ya kupakua viraka vya usalama yenyewe usiku niliamriwa niizime, nikaizima.

Ijumaa tarehe 7 asubuhi dokezo sabili, lile andiko la ndani la kuomba kibali, lilikuwa kwenye faili. Na humo ndani niliandika sentensi ambayo ningeifuta leo kama ningeweza. Watafiti walikuwa wamesema kwamba kwa mipangilio ya kawaida, mshambuliaji wa mbali angelazimika kuushikilia muunganisho wazi kwa siku saba, akituma herufi moja kila baada ya dakika chache. Nikaliandika hilo kwa uaminifu. Kamati ikalisoma kama nafasi ya kupumua. Kikao chao cha kawaida ni Alhamisi, wakakiacha palepale, tarehe 13.

Jambo ambalo sikulikumbuka ni kwamba mipangilio yetu haikuwa ya kawaida. Miaka miwili nyuma idara moja iliomba iweze kupokea barua kwa anwani zenye alama ya kujumlisha, ili za maombi ya udahili zitengwe na za malalamiko. Niliongeza mstari mmoja tu kwenye faili la mipangilio, ukafanya kazi vizuri, idara ikafurahi, nami nikausahau. Kwa seva yenye mstari huo siku saba hazihitajiki, barua moja inatosha. Taarifa ya Qualys ilikuwa imelieleza hilo waziwazi, aya kadhaa chini ya pale nilipoishia kusoma barazani.

Alhamisi tarehe 13 niliingia saa moja na nusu asubuhi. Kabla sijafungua mlango wa stoo nilisikia feni za seva zikivuma kama mashine ya kusaga. Nilipoangalia orodha ya kazi zinazoendeshwa, juu kabisa palikuwa na kitu kinaitwa [kthrotlds], kimemeza karibu nguvu yote ya kompyuta. Mabano yale ya mraba ni ya kudanganya jicho, maana kazi za ndani za mfumo ndizo huandikwa hivyo. Kilikuwa kinachimba sarafu za kidijitali kwa umeme wa chuo. Kwenye ratiba ya kazi za kila dakika palikuwa na mstari ambao sikuuandika mimi. Kwenye faili la funguo za root palikuwa na ufunguo wa mtu nisiyemjua.

Nikafungua daftari la kumbukumbu la Exim. Usiku wa kuamkia Jumatano, saa nane na dakika arobaini, ilikuwa imeingia barua moja. Mahali pa jina la mpokeaji paliandikwa root, kisha alama ya kujumlisha, kisha dola, mabano, "run", na baada yake amri ndefu ambayo kila mkwaju (/) umeandikwa kwa namba zake, kwa sababu mipangilio ya kawaida ya Exim hairuhusu mkwaju kwenye anwani ya mpokeaji. Sitaiandika yote hapa. Juu ya barua ilikuwa imejazwa mistari ya "Received" kupita 30, mistari ile ambayo kila seva hugonga kama muhuri barua inapopita kwake. Ikishazidi idadi hiyo, Exim inaamini barua inazunguka bila kufika, inaikataa, na katika kuikataa ndipo inapoingia kwenye kile kipande chenye tundu. Ile barua haikuwa na neno hata moja la kusomwa na binadamu.

Nilichomoa waya wa mtandao kwa mkono. Kamati ilikaa saa nne kama ilivyopangwa, ikapitisha dokezo langu.

Wasiofanya kazi hii hudhani kwamba hapo unafuta kile kidude, unabandika kiraka, basi. Haiwezekani. Mtu akishashika root, hata chombo unachotumia kumtafuta huenda ameshakibadilisha. Tulifuta diski yote, tukasimika mfumo upya, tukarudisha barua kutoka bakapu, nakala ya akiba, ya Jumamosi tarehe 8. Ilituchukua siku nne. Barua zilizoingia kati ya Jumamosi na usiku ule zimepotea. Zimo za waombaji kazi, na imo moja ya mama mmoja wa Muheza aliyetuma cheti cha hospitali ili mwanawe aahirishiwe mtihani. Alikuja mwenyewe na nakala ya karatasi mkononi, ameshapanda daladala mbili, anauliza kwa upole kwa nini hatukumjibu. Nilimpeleka kwa mhadhiri husika. Sikumweleza kilichotokea, na siko radhi na nafsi yangu kwa hilo.

Hilo linanipeleka kwenye kinyongo changu cha pili. Wafanyakazi na wanafunzi waliambiwa kulikuwa na "hitilafu ya kiufundi". Nilipendekeza waambiwe wabadilishe nywila, kwa sababu aliyekuwa root kwa saa zaidi ya 24 angeweza kusoma barua yoyote: hati za mishahara, matokeo, barua za daktari. Siwezi kuthibitisha kwamba alizisoma. Siwezi pia kuthibitisha kwamba hakuzisoma. Nilipendekeza tutoe taarifa TZ-CERT, kitengo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambacho kazi yake ni mambo kama haya. Nilijibiwa kwamba jina la chuo litaharibika. Nywila zilikuja kubadilishwa mwezi Agosti, kwa kisingizio cha "utaratibu mpya". Miezi miwili nzima watu walitumia funguo ambazo huenda mwizi alikuwa na nakala zake.

Tusidhani pia kwamba wote waliopita mlango ule walikuwa wachimba sarafu. Tarehe 28 Mei 2020, karibu mwaka mzima baada ya kiraka, shirika la usalama la Marekani, NSA, lilitangaza kwamba kikosi cha ujasusi wa jeshi la Urusi kijulikanacho kama Sandworm kilikuwa kinalitumia tundu hilihili tangu angalau Agosti 2019. Yaani kikosi cha dola kilikuwa kinalitumia miezi miwili baada ya dawa kutolewa bure kwa kila mtu, na bado kilipata seva za kutosha ambazo hazijapakwa. Ndiyo maana nasema programu ya bure haikuwa kosa letu.

Na hicho cha kulipia nacho tumekiona. Tarehe 2 Machi 2021 Microsoft walitoa viraka vya dharura, nje ya ratiba yao ya kawaida, kwa matundu manne ya Exchange, seva yao ya barua. Safari hiyo wadukuzi walikuwa wameshaingia kwa watu kabla kiraka hakijatoka. Waliolipia leseni walikesha kama nilivyokesha mimi. Namwomba msomaji wetu alifikirie hilo kabla hajashauri ofisi yenye bajeti kama yetu ikanunue leseni, kisha ibaki na kamati ileile ya Alhamisi.

Kuna jambo jingine dogo, lakini limewapotezea muda wengi wa kazi yangu. Debian wakishatoa mfumo kwa kawaida hawabadilishi toleo la programu, wanaishonea kiraka ileile ya zamani. Exim yetu ilikuwa 4.89 kabla ya kiraka, na baada ya kiraka ilibaki 4.89. Kilichobadilika ni mkia wa jina: 4.89-2+deb9u4. Mkaguzi wa nje alikuja mwezi huohuo wa Agosti, akaona 4.89, akaandika kwenye ripoti kwamba tundu bado lipo. Ilinichukua wiki nzima na madokezo matatu kumwonesha ule mkia. Wakaguzi wa mifumo, nawaheshimu, lakini tafadhali someni mpaka herufi ya mwisho. Siku mtakapokuta deb9u3, mkia wa kabla ya kiraka, hakuna atakayewaonesha.

Ninachoomba kwa wakuu wa taasisi wanaosoma gazeti hili ni karatasi moja. Iseme kwamba kiraka kikitolewa na watunzaji wa mfumo na kikatajwa kuwa cha usalama, ofisa mwenye dhamana anaruhusiwa kukibandika saa hiyohiyo, akishachukua bakapu, na dokezo litafuata. Hofu ya barua kusimama ni hofu ya haki, mimi mwenyewe ninayo. Lakini barua zikisimama kwa sababu ya kiraka, narudisha toleo la zamani, saa moja tumerudi kazini. Zikisimama kwa sababu mtu ameshika root, ni siku nne na mama wa Muheza mlangoni. Karatasi hiyohiyo iongezewe sentensi moja: tukiingiliwa, wenye akaunti wataambiwa siku hiyohiyo na watabadilisha nywila. Sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo "jina litaharibika" si jibu tena.

Na kwa maofisa wenzangu: andikeni kila mstari mnaoongeza kwenye mipangilio, kwa nini na kwa ajili ya nani, na mkiletewa taarifa ya tundu isomeni yote kabla ya kushika kalamu. Mimi niliishia katikati.

Kwetu karatasi hiyo ilisainiwa mwishoni mwa Agosti 2019. Mkuu wa utawala ndiye aliyeipigania kwenye kamati, na hilo nalisema kwa shukrani. Nakala yake imebandikwa kwa selotepu kwenye mlango wa kabati la seva. Haikukaa wiki mbili bila kazi. Tarehe 4 Septemba watunzaji wa Exim walitangaza tundu jingine, nalo la kumpa mtu wa mbali mamlaka ya root, safari hii kupitia salamu za mwanzo za mawasiliano yaliyofungwa kwa siri, wakasema kiraka kitatoka Ijumaa tarehe 6 saa saba mchana kwa saa zetu. Nilichukua bakapu asubuhi. Nilipotoka msikitini nilimpigia mama mkuu wa utawala nikiwa bado nafunga viatu. "Kimetoka?" akaniuliza kabla sijasalimia. Nikamwambia ndiyo. "Basi kimbia, dokezo utaniletea Jumatatu." Saa tisa kasorobo nilikuwa nimemaliza, nikatuma barua ya majaribio kwake, akaijibu kwa neno moja: "Imefika."

Ofisa TEHAMA,
Chumbageni, Tanga